Kibuyu Kidogo cha Kibet

Povu la kwanza la maziwa ya soya ni la uongo. Naanza na hilo kwa sababu ninyi mliochukua majiko yetu mna haraka, na huenda mkaacha kusoma kabla sijafika mbali. Soya ikiwekwa motoni hupanda ghafla na kujaa sufuria, ukadhani imeiva. Haijaiva. Punguza moto, koroga, ngoja povu lishuke, kisha iache ichemke taratibu mpaka ile harufu ya maharagwe mabichi iishe kabisa. Ukimpa mtoto kabla ya hapo, tumbo lake litakueleza.

Nilipika katika kituo cha watoto wa wafanyakazi wa chai, nje kidogo ya mji wa Kericho, tangu nikiwa kijana mpaka goti langu la kulia likaanza kutabiri mvua. Wanaoijua Kericho watacheka hapo, maana huku mvua hunyesha karibu kila alasiri na hata jiwe linaweza kuitabiri. Kituo tulikiita kreshi. Akina mama waliwaacha watoto wao asubuhi, wakaenda kuchuma majani, wakawarudia jioni wakiwa wamelowa hadi magotini. Kwetu mimi ni upande wa ziwa. Nilikuja huku nikimfuata mume wangu aliyekuwa kiwandani, na wote waliniita Mama Akoth, kwa jina la binti yangu wa kwanza.

Nimesikia siku hizi mnapika kwa gesi, na watoto wamepungua kwa sababu mashine zinachuma kazi ya akina mama wengi. Sina la kusema kuhusu mashine. Kuhusu gesi nasema hongera, kwa sababu macho yangu mpaka leo yana moshi wa kuni za mkaratusi.

Aliyenifundisha jiko lile alikuwa Mama Chepkoech, mwenyeji wa huku, mnene, mpole, na mchoyo wa maneno kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya kazi naye. Nikimuuliza chumvi kiasi gani, ananionyesha kiganja. Nikimuuliza moto kiasi gani, anasogeza kuni. Wiki ya kwanza nilidhani ananichukia. Siku moja nilimlalamikia kwamba hanifundishi, naye akajibu, "Wewe unaangalia mdomo yangu. Angalia mkono." Basi. Hiyo ndiyo shule yote niliyopata, na kwa muda mrefu niliiona ndogo.

Kwa mkono wake nilijifunza mambo mawili ya nchi hii. La kwanza, uji wa wimbi wa mtoto haukamiliki bila maziwa. La pili, managu, ile mboga ya majani, ni machungu, na uchungu wake huondolewa kwa maziwa: unayachemsha, unamwaga maji, unatia maziwa, unayaacha yalale hadi kesho. Nilipoenda likizo kwetu nikawapikia hivyo, wakwe zangu waliniuliza nimeolewa na nani huko.

Huku maziwa si chakula tu. Mgeni akifika, haulizwi kama anataka chai, na chai haiulizwi kama ina maziwa. Chai isiyo na maziwa inaitwa strungi, na ukimpa mtu strungi bila sababu ataenda akisema umefilisika. Sasa hebu fikirieni mtoto anazaliwa katika nchi kama hii, na mwili wake unakataa maziwa.

Mtoto huyo aliitwa Kibet. Mama yake, Chelangat, alikuwa mchumaji, binti mwembamba mwenye mikono ya kasi na mdomo wa kasi zaidi. Alimleta kreshi akiwa ameanza tu kula vyakula laini. Nilimpa uji wetu wa kawaida. Kabla hajamaliza kikombe midomo ikavimba, na vipele vikamtoka shingoni kama ameumwa na siafu, kisha akatapika uji wote kwenye aproni yangu. Mkubwa wetu wa kituo alimbeba yeye mwenyewe mpaka zahanati.

Daktari wa zahanati alikuwa msichana mdogo kuliko Akoth wangu. Nilikwenda nimejiandaa kumdharau kidogo, kama sisi wazee tunavyofanya, lakini aliuliza vizuri. Amekula nini? Baada ya kula ilichukua muda gani? Imewahi kutokea nyumbani? Chelangat akakumbuka kwamba nyanya yake Kibet aliwahi kumwonjesha maziwa kwa kidole na akatoka vipele, wakadhani ni joto.

"Ni aleji ya maziwa ya ng'ombe," daktari akasema. "Asipewe kabisa. Hata kidogo. Na mkiona anapumua kwa shida msimtafutie dawa ya nyumbani, mlete hapa mbio."

"Kabisa kabisa?" Chelangat akauliza.

"Kabisa."

"Sasa atakunywa nini? Daktari, huku?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na si daktari ambaye angelipika. Ni mimi.

Kosa letu la kwanza mngelifanya hata ninyi. Tulitoa maziwa kwenye uji wake, tukamwekea kikombe chake cha rangi ya bluu, tukajipongeza. Siku chache baadaye akavimba tena, baada ya chakula cha mchana. Tukalaumu ugali. Tukalaumu sabuni ya kuoshea vyombo. Mkubwa wetu akalaumu hewa. Nikarudi jikoni nikasimama mbele ya sufuria ya managu, nikaiona ile rangi nyeupe imekauka ukingoni. Mkono wangu ulikuwa umetia maziwa kwenye mboga kwa miaka mingi hata haukuwa ukinitaarifu tena. Tangu siku hiyo, managu ya Kibet niliyachemsha mara mbili na kuyakaanga na kitunguu na nyanya, na kusema kweli wenzake wakaanza kuyataka.

Kwa hiyo andikeni hili mahali: maziwa hayakai kwenye kikombe peke yake. Yako kwenye mboga, kwenye mkate wa dukani, kwenye biskuti, kwenye siagi iliyopakwa juu ya kiazi na mtu mwenye nia njema. Someni pakiti. Msipoelewa maneno yake, ulizeni, kuuliza si ujinga.

Halafu kuna mbuzi.

Baba yake Kibet, Weldon, alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya ngano kule mbele ya Mulot, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Aliposikia habari, alifanya kile ambacho mwanaume wa huku hufanya mtoto akiugua: alinunua mnyama. Alishuka kutoka kwa pikapu jioni moja akiwa na mbuzi wa maziwa kutoka soko la Mulot, mbuzi mweupe mwenye kelele, na nyumba za kampuni haziruhusu mifugo. Kila mtu katika laini ile ya nyumba alikuwa na shauri. Maziwa ya mbuzi ni mepesi, hata mtoto wa fulani alipona nayo. Chelangat alikuwa ameshapasha kikombe moto. Nikamwambia, dada, tungoje kesho tumuulize yule msichana.

Daktari alitikisa kichwa kabla hatujamaliza. Alisema ya mbuzi na ya ng'ombe ni ndugu, na mwili unaokataa moja mara nyingi hukataa na nyingine.

Weldon akakuna kichwa. "Sasa hii mbuzi nifanyie nini?"

"Si ni mbuzi?" daktari akasema. "Kuleni."

Tulimla. Sikumbuki nyama tamu kama ile.

Mimi sikuwa na uchawi wowote wa kuleta. Nilikuwa na kumbukumbu tu. Kwetu, mwaka ambao ng'ombe wetu walikufa kwa ugonjwa, mama yangu alitukamulia soya, na sisi tukanywa bila kuuliza. Nilipomwambia daktari, alisema tujaribu kidogo kidogo, mbele ya macho, kwa sababu wapo watoto ambao soya nayo huwakataa. Njugu akasema tuziache kwanza. Akatuonya pia kwamba maziwa ya soya ya nyumbani hayana kila kitu kilichomo kwenye maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo Kibet ale na mayai, maharagwe, mboga, na omena, wale dagaa wa ziwani, waliosagwa, na apelekwe kupimwa uzani bila kukosa. Omena niliwakubali haraka. Hakuna haja ya kumshawishi mtu wa ziwa kuhusu omena.

Basi sikilizeni jinsi inavyofanywa. Loweka soya usiku mzima. Asubuhi isugue kwenye maji mpaka maganda yaelee, uyatoe, la sivyo maziwa yatakwaruza koo. Saga na maji safi. Chuja kwa kitambaa ambacho hakina kazi nyingine duniani, si kile cha kukaushia vikombe. Kisha ile habari ya povu niliyowaambia. Yale makapi usitupe, changanya kwenye unga wa chapati.

Mara ya kwanza Kibet alinusa kikombe, akanitazama kama mzee wa kanisa aliyeletewa pombe, akakisukuma. Mara ya pili nikatia ndizi iliyoiva, nikaponda. Akanywa. Tukakaa tumemzunguka watu wazima watatu, kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Hakuvimba. Baada ya majuma kadhaa mashavu yakaanza kujaa, na siku moja akamwuma mwenzake kwa sababu ya kikombe chake cha bluu. Nilifurahi sana, ingawa kwa sababu ya kazi ilinibidi nimkaripie.

Chelangat naye alikuwa bado ananyonyesha jioni, na daktari akamwambia aache maziwa pia, maana chembe za maziwa zilikuwa zikipita kwake kwenda kwa mtoto na kumtoa vipele vidogo. Hapo ndipo nilipomwona akilia, na si kwa ajili ya mtoto.

"Mama Akoth, mimi ndio nachuma hiyo majani kutoka asubuhi," alisema. "Na sasa nimebaki kuikunywa mweusi kama niko matanga."

Akina mama wa kanisa walipomwandalia chai akaikataa, wengine walisema ameanza kiburi. Akawa anabeba strungi yake kwenye chupa. Nilimshauri aseme wazi. Mficha uchi hazai, na mficha ugonjwa hulishwa sumu na rafiki zake. Mwishowe alisimama baada ya ibada akawaeleza wote, na juma lililofuata mchungaji akamletea soya gunia zima. Zilikuwa nyingi mno. Tulizipanda nyingine.

Sasa nifike Boito, ambako jambo hili lilikaribia kuharibika kabisa.

Mama yake Weldon aliishi Boito, na sisi wote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa mjane mwenye chai kidogo mteremkoni na ng'ombe waliomjua kwa sauti. Jumamosi nyingi Chelangat alikuwa kazini, kwa hiyo Kibet alipelekwa kwa Kogo Ijumaa jioni na chupa ya maziwa yangu ya soya. Kogo aliyaita maji ya maharagwe. Alimpa mtoto kama alivyoambiwa, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuyatia mdomoni, na hakuficha.

Ninyi mnaotoka huku mnaijua mursik. Wageni niwaambie: ni maziwa yanayowekwa kwenye kibuyu kilichopakwa masizi ya makaa ya mti wa senetwet, yakaachwa mpaka yagande. Hutoka na rangi ya kijivu yenye chembe nyeusi. Mimi nilijifunza kuyanywa nikiwa nimefumba macho, na baadaye nikayafumbua. Nyumbani kwa Kogo kila mjukuu alikuwa na kibuyu chake ukutani, kimefungwa shanga. Kibuyu cha Kibet kilikuwa kidogo kuliko vyote na kilining'inia kitupu.

Jumapili moja Kibet alirudi kutoka Boito macho yamevimba hadi yamefungwa, na anapumua kwa mluzi. Tulimkimbiza hospitali ya mjini. Wakamtibu, akalala huko, kesho yake akaanza kuomba chapati. Alipona. Lakini Chelangat hakupoa.

"Amempea mursik," aliniambia akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali. "Najua tu. Kila saa anasema mtoto gani hajui mursik. Amempea."

Kogo alipigiwa simu. Akaapa. "Sijampea. Mungu ananiona. Ni hiyo maharagwe yenu inamuua."

"Basi hatakanyaga Boito tena," Chelangat akasema, akakata simu.

Na alimaanisha. Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa kazini akakaa na mtoto. Weldon alikuwa katikati, akipokea simu za mama huku na maneno ya mke kule, na kama kawaida ya wanaume walio katikati, aliongea kuhusu bei ya ngano. Kibet alikuwa akisimama mlangoni kila Ijumaa jioni na viatu vyake mkononi. Hilo liliniumiza, sitawaficha. Kupata maziwa mengine kulikuwa kumetugharimu jasho tu. Kumtafutia mtoto nyanya mwingine hakuna anayejua jinsi inavyofanywa.

Mimi pia nilidhani Kogo alimpa. Nilidhani alimpa kijiko kimoja kwa upendo, akaogopa kusema. Nimewaona nyanya wengi. Weldon aliponiomba niende na Chelangat kuwapatanisha, nilikwenda nikiwa na hotuba ya upole kichwani kuhusu kusamehe.

"Wewe si wa huku," Weldon alisema. "Watakusikiza."

Yeye akabaki na mtoto. Sisi tukafika Boito baada ya ibada. Kogo alitupokea kwa adabu yote. "Chamgei," akatusalimu. "Chamgei mising," tukajibu. Akaniletea chai yenye maziwa mazito. Kisha akaweka mbele ya Chelangat kikombe cha strungi, ameitia tangawizi, na kando yake viazi vilivyochemshwa bila chochote. Chelangat alikitazama kikombe kile. Na mimi hotuba yangu ikaanza kupungua nguvu, kwa sababu mtu anayekumbuka strungi ya mkaza mwana wake si mtu anayepuuza maneno ya daktari.

Wakasemezana. Chelangat akasema alivyomwona mtoto akipigania pumzi. Kogo akasema alivyoitwa muuaji kwenye simu akiwa na watu shambani. Hakuna aliyepandisha sauti, na huku hiyo ni ishara mbaya zaidi.

Kogo hakuwa mtu wa kukaa na mikono mitupu. Katikati ya mazungumzo alivuta vibuyu vyake, akaanza kuviandaa kwa juma jipya. Wao wakaongea, mimi, kwa mazoea ya jikoni, nikatazama mikono. Alimimina maji ya moto kwenye kibuyu kilichokuwa na mursik, akaingiza sosiot, ule ufagio mrefu wa mti wa mtende ambao ncha yake imepondwa ikawa nyuzi, akasugua, akamwaga maji meupe. Kibuyu cha pili vilevile. Kisha akatia kaa la senetwet, akalisaga humo ndani kwa sosiot mpaka kuta zikawa nyeusi. Halafu akainuka, akashusha ukutani kile kibuyu kidogo chenye shanga.

"Kogo," nikasema, "hiyo si ya Kibet?"

"Ni yake. Ile Jumamosi ya mwisho nilimwekea hiyo maharagwe yenu hapa ndani." Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kulaumiwa. "Nilimwonea huruma. Wenzake wanakunywa kwa kibuyu, yeye ananyweshwa kwa chupa kama mgonjwa. Nikasema acha hata yeye anuke kama mtoto wa hii nyumba. Lakini maziwa sikutia. Sikutia hata tone."

Na huku akisema, akaingiza sosiot ile ile ndani ya kibuyu cha Kibet, akasaga kaa.

"Hiyo sosiot uko na ngapi?"

"Moja. Hii ni ya mama mkwe wangu, ni ya zamani sana. Kwani?"

Sikutaka kusema mimi. Nilimwomba tu ainuse. Alinitazama, akaitoa kibuyuni, akaishika ile ncha yenye nyuzi karibu na pua. Nyuzi zile zilikuwa zimekunywa mursik ya nyumba ile tangu enzi za mama mkwe wake, na hakuna maji ya moto yanayoweza kuitoa. Alinusa mara moja. Akanusa tena. Kisha akakaa chini kwenye kigoda, sosiot imelala magotini.

"Iko na maziwa," akasema.

Chelangat alikuwa amesimama. "Kogo, nimekulaumu bure."

"Si bure. Ni mkono yangu." Akafunika uso kwa leso. "Ni mkono yangu, mama."

Chelangat alikwenda akapiga magoti kando ya kigoda, akamshika mikono, ile mikono yenye masizi, na gauni lake la kanisa likachafuka lote. Mimi nilitoka nje kutazama ng'ombe. Kuna wakati mpatanishi hana kazi.

Daktari alipoambiwa hakushangaa. Alisema kwa mtoto kama yule, chembe zilizokaa kwenye ufagio na kulala ndani ya soya siku nzima zinatosha kabisa. Angependa kikombe kinachooshwa kwa sabuni, lakini alimsikiliza Kogo mpaka mwisho. Akakubali kibuyu, kwa masharti: kiwe kipya kisichowahi kuguswa na maziwa, kiwe na ufagio wake, na soya inywewe siku hiyo hiyo.

Kogo alikipasua kile kibuyu cha kwanza kwa shoka ili kisirudi kutumika kwa bahati mbaya. Akatafuta kingine. Akakata sosiot mpya, akaiponda ncha mwenyewe, na akavitundika vyote viwili kwenye ukuta wa pili, mbali na vile vingine, akavifunga shanga nyekundu. Mtu akivisogelea, hata mchungaji, aliulizwa kwanza ameshika nini. Kibet alirudi Boito na viatu vyake. Kila Jumapili alirudi mwenye masizi mdomoni, ananuka moshi wa senetwet kama binamu zake, bila hata kipele.

Ndivyo alivyokua. Madaktari walisema wengi huachana na mzio huo wakikua, ila hilo hupimwa hospitali, na msijaribu nyumbani. Alipokuwa ameshaanza shule, na mimi nimeshastaafu, walimpima kwa uangalizi, kidogo kidogo, siku nzima, wakamrudisha na ruhusa. Kunywa maziwa, wakamwambia.

Kogo alitangaza sherehe. Ndugu walikuja kutoka Mulot, wa kanisani walikuja, nami nikaja na fimbo yangu na goti langu. Mchungaji akaomba, kwa kirefu. Kisha Kogo akasimama na kibuyu kikubwa, kile kizuri kuliko vyote, akamimina mursik kwenye kikombe, akampa Kibet kwa mikono miwili. Alikuwa amengojea siku hiyo tangu mtoto azaliwe, na kila mtu pale alijua.

Kibet alikunywa. Akameza. Uso wake ulifanya kile uso wangu ulichofanya mwaka wangu wa kwanza huku.

"Ni tamu, Kogo," akasema, maana ana adabu. Kisha akaegemea karibu naye. "Lakini naweza pata ile yangu?"

Watu wakacheka. Weldon akataka kumkemea mtoto. Chelangat akawa anatazama chini. Mimi nilimtazama Kogo, na niliogopa kidogo.

Kogo hakucheka wala hakukasirika. Alienda polepole mpaka ukuta wa pili, akashusha kibuyu kidogo chenye shanga nyekundu, akafungua kifuniko. Nilidhani kitakuwa kitupu. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Alikuwa ameloweka soya tangu juzi, na makaa aliyachoma asubuhi kabla hatujafika.

Akamimina vikombe viwili. Kimoja akampa Kibet. Cha pili alikishika mwenyewe, akakitazama muda, akakinywa chote mbele yetu mpaka chini, akapangusa mdomo.

"Bado ni maji ya maharagwe," akasema, akakisogeza kikombe aongezewe.